Papa Alipohamia Upande wa Mdogo Wangu

Kwa miaka miwili, saa tisa na nusu alasiri, soko la Marekani lilipofunguliwa, papa, baba yetu, alikuwa wangu peke yangu. Nilikuwa nikitoka shuleni nilikofundisha hesabu, nashuka kwenye baiskeli ya toleka, ile ya kubeba abiria, na kumkuta ameshaweka daftari mezani. Tulikuwa tunanunua na kuuza mikataba midogo ya fahirisi ya hisa, tukiifunga siku hiyo hiyo. Papa alinisomea bei ya juu kabisa ya jana, ya chini kabisa na ya kufungia. Mimi nilizijumlisha na kugawa kwa tatu. Hiyo ndiyo pivo. Kutoka hapo nilipata viwango vya juu na vya chini, mahali ambapo bei huenda ikasita au kugeuka.

Kisha mdogo wangu wa kike akarudi kutoka Bukavu na kompyuta yake. Yeye hakuanza na jana. Kila asubuhi alipakua jedwali la opsheni, mikataba ya haki ya kununua au kuuza kwa bei iliyopangwa, lililoonyesha ni kwenye bei zipi watu wamelundika mikataba mingi. "Yaya, pivo yako ni nzuri," aliniambia mimi dadake mkubwa, "lakini hapa unaona watu wenyewe wamesimama wapi."

Wiki hiyo hiyo papa alisogeza kiti chake upande wa mdogo wangu. Akawa anamwita ingénieure, mhandisi. Mimi aliendelea kuniita mama tu, kama tangu utotoni, jina analoitwa binti yeyote kwetu. Nilikuwa nagawa kwa tatu huku nimewapa mgongo, nikiwasikia wakicheka.

Siku moja mdogo wangu alikwenda uwanja wa ndege wa Bangboka kumpokea shangazi, na ndege ikachelewa. Papa alikuwa msikitini. Simu ikalia.

"Yaya, jedwali halifunguki huku. Nisomee: chini ya bei ya sasa, mikataba iko mingi wapi?"

Niliuona mstari wenyewe kwenye kompyuta yake. Nikamsomea ule wa juu yake.

"Uko hakika?"

"Niko hakika."

Akanunua hapo kwa simu yake. Bei ikapita moja kwa moja, ikamtoa kwenye kikomo cha hasara alichokuwa amejiwekea, ikashuka hadi mstari wa kweli, ikageuka na kupanda hadi jioni. Nilikaa naiangalia. Nilikuwa nimetegemea kufurahi, lakini furaha haikuja.

Jioni alifungua kompyuta na kulitazama jedwali. Halafu akaniuliza, "Ulinisomea mustari gani?"

"Wa juu ya ule wa kweli."

"Juu ya nini ulinifanyia vile?"

"Nilitaka papa arudi kukaa upande wangu."

Hakupiga kelele. Papa alipouliza ilikuwaje, alimjibu kwamba simu ilikuwa inakatika, akasikia vibaya. Wema huo ulinichoma kuliko tusi. Hata katika hasara alikuwa amenishinda.

Kesho yake nilimwambia papa ukweli. Alivua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu.

"Mama, ulifanya vibaya sana," alisema. "Bon, sawa. Kazi yako mimi naielewa, ndiyo maana naweza kukuacha. Ya mudogo wako siielewi. Nakaa pale sababu niko nauliza."

Nilitaka kumwamini. Siku nyingine namwamini.

Nilimwomba mdogo wangu msamaha, akanipa. Siku hizi tunachora kwenye chati moja: pivo zangu kwa bluu, mistari yake kwa nyekundu, na hatuingii sokoni mpaka rangi mbili zikaribiane. Tunapata siku nzuri, tunapata na mbaya. Lakini neno la siri la kompyuta alilibadilisha, na akisafiri anachapisha jedwali na kulibeba kwenye mkoba. Papa akimwita ingénieure, bado wivu unanirudia. Nainamisha kichwa, nagawa kwa tatu.