Kitabu cha Masika na Ngoma ya Radi

Juzi mvua ilinikamata Lusahunga. Nilikuwa natoka Biharamulo kwenda kwetu Mbuba, basi likasimama, na kabla sijavuka barabara mbingu ikafunguka. Malori ya kwenda Rusumo yalikuwa yamejipanga kando huku maji yakichuruzika kwenye maturubai. Nikakimbilia kwa mama ntilie, nikaagiza chai. Binti yake mdogo alikuwa amekaa pembeni, anapigapiga benchi kwa vidole, anafuatisha matone ya juu ya bati. Alikuwa anacheza tu, maskini. Mimi nikajikuta nimesimama, natafuta mlango.

"Dada, chai ina kasoro?" mama ntilie akaniuliza.

Nikamwambia hapana, nikakaa. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikikumbuka mambo ya darasa la pili, na nimeona bora nikusimulie wewe kuliko kubaki nayo kifuani.

Nililelewa na bibi yangu, mama yake baba. Nyumba yetu ilikuwa ndani ya migomba, mibuni ikiwa nyuma yake. Kazi yangu ilikuwa kuanua maharage yaliyoanikwa uani wingu likianza kujenga. Nikisikia harufu ya vumbi lililolowa mpaka leo, mikono inatafuta maharage. Ungependa mvua za kwetu, rafiki yangu: ndizi zinatokota na maharage, moshi umejaa jikoni, kuku wameingia ndani bila kukaribishwa.

Ila mvua za kwetu zilikuja na radi, na radi kwa bibi ilikuwa na sheria. Kioo kinafunikwa kwa kitenge. Nguo nyekundu inafichwa. Sufuria haziachwi nje. Bibi alichoma kipande cha jani alilopewa kanisani Jumapili ya Matawi, akashika rozari, na kuanzia hapo hakuna kusema, hakuna kucheka, hakuna hata kukohoa kwa nguvu. Alisema radi inafuata sauti. Kwa Kiswahili chake alitamka "ladi", na mimi kwa utoto wangu nilidhani Ladi ni jina la mtu, mtu mrefu anayetembea juu ya migomba akitega sikio.

Nisingeamini sana kama isingekuwa jirani yetu, mama aliyekuwa akituchomea mahindi tukitoka shule. Masika ya mwaka uliotangulia radi ilimkuta jikoni kwake akiimba. Nilisikia wimbo wake kupitia kwenye migomba, nikasikia mlipuko, halafu sikusikia wimbo tena. Walimzika kesho yake, na mvua ikinyesha.

Basi ndipo akaja mwalimu wa kuimba. Alikuwa kijana, ametoka chuoni, na alikuja na kitu ambacho shule yetu haikuwahi kuwa nacho: vitabu vya picha, kimoja kwa kila majira. Kulikuwa na cha kiangazi, chenye watoto wanaokimbiza vumbi, na cha mavuno, chenye wanawake wanaotwanga. Alikuwa anatuonyesha ukurasa, kisha anatuuliza, "Hapa mnasikia nini?" Sisi tunajibu kwa mwili: tunapuliza upepo, tunatwanga kwa viganja, tunasugua miguu sakafuni kama mtu anayepepeta. Mwisho sauti zote anazishona ziwe wimbo. Nilipenda kipindi kile kuliko uji wa saa nne.

Mvua zilipoanza akaleta kitabu cha masika. Kurasa za mwanzo zilikuwa nzuri: wingu, tone kwenye jani la mgomba, chura. Tulipiga dawati kidole kimoja kimoja, kisha vyote, kisha viganja. Akafunua ukurasa mweusi wenye ufa mweupe katikati. Akapiga ngoma kwa nguvu, akasema, "Nanyi, miguu! Radi!" Darasa zima likakanyaga sakafu kwa vicheko. Mimi nilijificha chini ya dawati. Nilijua tunamwita. Darasa zima, na ngoma juu yake, tunamwita.

Jioni nilishindwa kula. Bibi akanibana mpaka nikamwambia. Hakunigombeza. Alisukuma kuni motoni, akasema kesho tutakwenda wote shule.

Kesho yake alivaa kitenge cha kanisani, akaja. Ilikuwa mchana, kipindi cha kuimba kimeanza, na upande wa milimani kulikuwa kumeshaiva kwa wingu. Mwalimu alimpokea mlangoni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mwarimu, wewe unafundisha watoto kuita ladi?"

"Hapana bibi. Nawafundisha wasiiogope."

"Wasiiogope?" Bibi akasogea karibu naye. "Mwenzangu imemwacha amekauka kama kuni. Wewe unataka mjukuu wangu asiogope?"

Mwalimu alifungua mdomo kujibu, na hapo mvua ikashuka. Haikuanza na matone. Ilianguka yote kwa pamoja, bati likaunguruma, tukawa hatusikiani. Ukaja mwanga, na mlio ukaufuata papo hapo. Watoto wakapiga kelele. Rafiki yangu tuliyekaa dawati moja akanishika mkono, "Twende nyumbani!" Tukakimbia. Yeye alipita. Mimi bibi alinidaka kwa ukosi wa sweta.

Nilimwona rafiki yangu akikatiza uwanja kuelekea kwenye mikaratusi. Halafu kila kitu kikawa cheupe. Mlio ule siwezi kukuelezea. Niliusikia kwa meno. Nilipoanza kuona tena, mkaratusi mmoja ulikuwa umepasuka kuanzia juu mpaka chini, unatoa moshi kwenye mvua, na rafiki yangu amelala uwanjani kifudifudi.

Mwalimu akatoka. Alikimbia kwenye uwanja ule mtupu, kichwa chini.

Darasa sasa likabaki na bibi. Watoto wote waliukimbilia mlango, wengine wanaita mama zao, wengine wamejikojolea. Wangetoka wote. Bibi akaisukuma meza ya mwalimu ikaziba mlango, akasimama nyuma yake, viganja juu ya ubao wa meza, kando ya kitabu cha masika kilichokuwa wazi. Tukaona vidole vyake vinagonga meza. Taratibu, kisha haraka, kisha taratibu. Mtoto mmoja wa mbele akatazama kitabu, akatazama vidole, akaanza kugonga dawati lake. Akafuata mwingine. Muda si mrefu darasa zima lilikuwa limerudi limekaa, linalia na kugonga matone, na radi inapiga nje, na hakuna aliyetoka.

Mwalimu alirudi akiwa amembeba rafiki yangu. Tulidhani amekufa. Bibi akamlaza mezani, akamsugua kifua kwa kitenge chake cha kanisani, akimwita kwa Kihangaza, kwa sauti kubwa, yeye aliyekataza sauti. Mtoto akavuta pumzi kama anayetoka majini. Alipona, ila sikio moja halikurudi. Mpaka leo tukikutana lazima nikae upande wake wa kushoto.

Kijijini walisema mwalimu ameita radi. Kwenye mkutano wa wazazi wengine walitaka ngoma ichomwe. Bibi akasimama. "Mtoto alikuwa wa nani? Mbona aliyemfuata nje ni mwarimu?" Watu wakanyamaza, lakini kunyamaza si kukubali. Mwisho wa mwaka mwalimu aliondoka, na sikujua alihamia wapi. Ngoma ilifungiwa ofisini. Vitabu vya majira mchwa waliviingia kabatini, na nilipomaliza darasa la saba lilikuwa limebaki jalada moja.

Sasa mikaratusi imekatwa yote, na shule ina bati jipya na chuma cha kuzuia radi. Mvua zenyewe haziji tena kwa wakati tuliozoea. Kila nikipita pale nasikiliza kama kuna darasa linaloimba masika. Sijawahi kulisikia.

Bibi naye hayupo. Katika miaka yake ya mwisho, alipokuwa hawezi tena kwenda shamba, nilikuwa namnywesha uji, nikamwambia siku ile alikuwa mwalimu bora kuliko wote, alivyotupigia matone tukatulia.

Alinitazama kwa mshangao.

"Matone gani?" akasema. "Mimi nilikuwa natetemeka."