Uzi Ndani ya Gitaa

Harufu ya risasi ya kuungia waya inayoyeyuka kwenye kibanda cha fundi simu hunirudisha machimboni Nyarugusu, kwa baba na gitaa lake la umeme lenye tumbo tupu. Miaka ya kuchoma dhahabu yenye zebaki ilikuwa imemwachia mikono inayotetemeka. Siku moja gitaa lilipokataa kulia, alitoa swichi zake, akang'oa waya mbovu, akafunga uzi kwenye kila swichi ili baadaye aivute irudi mahali pake ndani kupitia tundu jembamba. Pasi ya kuchomelea ikagusa mbao. Mama akamshika mkono.

"Tulia, baba! Unachoma gitaa, si samaki."

"Nishike hivyohivyo."

Waliunga waya zote namna hiyo, wakazivuta swichi ndani kwa uzi. Gitaa likalia. Baba akajaribu kubana nyuzi za gitaa apige wimbo, vidole vikaruka.

"Limepona," akasema. "Wapelekeeni wanakwaya wa kanisani. Wao wana mikono."