Dobi na Alama Zake

Ilikuwa mwaka ule kiwanda cha matofali kilipofungwa. Hapana, tusidanganyane, kilifungwa mwaka uliotangulia, maana ovaroli za wafanyakazi wake zilikuwa zimeshakoma kuletwa kwa Dobi. Basi ni mwaka uliofuata.

Dobi alikuwa na maradhi ya mabaka. Yalivimba kama amepakwa upupu, yakawasha mpaka machozi, kisha yakayeyuka kama hayakuwapo. Leo mgongoni, kesho mapajani, na siku moja mdomoni. Mdomo ukafura hata mkewe, mtu wa mizaha, akanyamaza. Tena yalikuwa na inda: siku ya kliniki hayaonekani.

Ndiyo maana daktari, mama mmoja mpole, alimpa karatasi. Kila jioni ajipe alama ya mabaka na alama ya kuwashwa, kuanzia sifuri, yaani hakuna, mpaka tatu, kali kabisa.

"Mimi siishi ndani ya ngozi yako," alimwambia. "Karatasi hii ndiyo macho yangu."

Dobi akajaza kwa mwandiko wa kupendeza. Moja, sifuri, moja. Siku ya kliniki daktari akajumlisha, akatabasamu.

"Hongera, baba. Tupunguze dawa sasa, na mwezi ujao tuiache kabisa."

Dobi alijua maana yake. Bila vidonge vile, mvuke wa pasi ukimpiga kifuani tu, ngozi nzima huamka. Na pasi ndiyo iliyolisha nyumba. Lakini kinywa kikasema, "Nashukuru, daktari."

Mkewe alikuwa akimngoja kwenye benchi, nje.

"Kasemaje?"

"Eti napona. Dawa tunaiacha."

"Unapona wewe? Jana si ulikuwa unajisugua kwenye fremu ya mlango kama mbuzi? Ulijipa ngapi?"

"Moja."

"Moja, baba watoto. Mbuzi mwenyewe angejipa tatu."

Dobi akatazama viatu vyake. "Mtu akikuuliza habari za afya, utaanzaje na mabaya? Unasema salama kwanza."

"Halafu?"

"Halafu karatasi haikuniuliza tena."

Mkewe hakucheka. "Mficha maradhi," alisema, methali akaiachia njiani, akamsukumia mlango.

Dobi akarudi ndani. Akakunja mikono ya shati apate cha kuonyesha. Ngozi ilikuwa safi kama shuka lililotoka kunyooshwa.

"Daktari, zile alama nilizipunguza."

Daktari akamtazama mikono, akamtazama uso. "Sasa niamini zipi? Za karatasi au za mdomo?"

Dobi akateremsha mikono ya shati. Hapo aliona dawa inamponyoka, na pasi nyuma yake.

Daktari akavuta karatasi nyingine. "Dawa ibaki ilivyo kwa wiki moja. Jaza upya, ndipo niamue. Mimi nikikuuliza hujambo, sema sijambo. Hii usiifanyie adabu."

Dobi akaisoma palepale, safari hii neno kwa neno, kidole kikifuata mistari. Mbili: kuwashwa kunasumbua, ila kazi na usingizi vinaendelea. Tatu: kunakuzuia kufanya kazi au kulala. Kidole kikakwama. Siku ile ya mdomo kufura alipiga pasi mpaka jioni, maana wenye nguo walizitaka.

Daktari alikuwa ameshamwita mgonjwa mwingine, naye anaingia. Dobi akauliza hivyo hivyo, akiwa amesimama mlangoni:

"Sasa daktari, mtu asiye na ruhusa ya kuacha kazi, hiyo tatu ataipata wapi?"