Nilichora Uso wa Marehemu Ukutani

Kaburi la mume wangu halina mtu ndani. Lina tunda.

Usicheke, nitakueleza.

Mwaka wa tisini na sita mashua ya Zablon ilipatikana imepinduka nje kidogo ya ufuo wetu wa Sori, imenaswa kwenye magugu ya ziwa. Nyavu zilikuwepo. Shati lake lilikuwepo. Yeye hakuwepo. Wavuvi walitafuta mpaka wakachoka.

Kwetu Wajaluo, mtu akimezwa na ziwa na mwili usionekane, boma haliachwi bila kaburi. Tunakata yago, lile tunda refu zito la porini, tunalifunga shuka, tunalizika na maombi yote kama mtu. Ndivyo tulivyomzika Zablon, baba wa binti yangu Lorine.

Nilipoona lile tunda linateremshwa nilifungua mdomo nilie.

Sauti haikutoka.

Sasa elewa, mimi ni Scovia, mama wa kuuza omena, wale dagaa wa ziwa. Soko yote ya Sori ilikuwa inanijua kwa mdomo. Kwangu kunyamaza ilikuwa kitu haijawahi kuonekana. Lakini tangu siku hiyo, kimya kabisa. Hata kusema "niletee maji" koo linafunga. Usingizi nao ukahama. Nikifumba macho naona maji yakiingia mdomoni, na sijui kama ni mdomo wake ama wangu.

Watu wakaanza kunong'ona. Shemeji yangu Clifford hakunong'ona, yeye alisema wazi mbele ya boma nzima.

"Huyu kichwa yake imeenda. Arudishwe kwao Lambwe. Mtoto abaki hapa, ni wetu."

Mtoto ni Lorine wangu, hata nasari hajaanza. Maneno ya kumjibu Clifford nilikuwa nayo, tena makali. Yakagoma kutoka.

Mama mkwe, mama Teresa, akanipeleka kwa zahanati. Muuguzi pale, sista Edith, aliniangalia koo, akapima presha, halafu akaweka vyombo chini.

"Ukifumba macho, kuna kitu unaona?"

Nikakubali kwa kichwa.

"Sawa. Mdomo imekataa, lakini mkono haijakataa. Enda uchore hiyo kitu. Si lazima iwe nzuri. Itoke tu. Na ukipata neno, andika. Wiki ijayo urudi nikuone."

Nikasema moyoni, huyu naye. Mimi mama mzima nichore kama mtoto wa nasari?

Nikarudi nyumbani nikamkuta bibi ya Clifford anakunja nguo za Lorine, anazipanga kwa kikapu. Hata hakushtuka kuniona.

"Ni vizuri azoee kulala kwangu mapema," akasema.

Ungeniona siku hiyo ungekimbia. Nilichukua kipande cha makaa kwa jiko, maana nisingeshika makaa ningeshika mtu. Nikasimama mbele ya ukuta wa sebule nikaanza kukwaruza. Mistari tu, juu chini, juu chini. Nilipokuja kuangalia, ilikuwa mawimbi.

Makaa yakaisha mkononi. Kifua nacho kililegea kidogo, na siku hiyo nilikula.

Basi nikaendelea. Nilichora mashua imelala ubavu. Nilichora lile tunda kwenye shuka. Kila kitu kilichokuwa kinanikaba nilikipeleka ukutani, na kikifika pale kilikuwa kinapungua nguvu. Sista Edith nilimrudia kila wiki. Hakuniuliza maswali mengi.

Kitu kimoja tu kilinishinda, uso wa Zablon. Nilikuwa nauanza naufuta kwa kiganja. Siku nilipouweza niliuchora wote, hata lile sikio la kushoto lililopasuliwa na ndoano akiwa mdogo. Chini yake nikaandika kwa herufi kubwa: NIMEKUKASIRIKIA ZABLON.

Nikaketi chini nikalia. Safari hii nililia kwa sauti, mpaka kuku wakatoka nje.

Clifford alikuja mbio. Akaona ule uso, akarudi nyuma.

"Unachora marehemu ndani ya nyumba? Unamwita? Na tena unamtukana? Unataka chira, laana ya kuvunja mwiko, imalize watoto wetu?"

Kesho yake wazee waliitwa. Pikapu ya kunipeleka Lambwe ilikuwa tayari imesimama nje, na kikapu cha Lorine kilikuwa tayari kwa nyumba ya Clifford. Walikaa kwangu sebuleni, uso wa Zablon ukiwaangalia. Hakuna aliyetaka kuupa mgongo.

Mzee Fanuel, mdogo wa baba mkwe, ndiye alikuwa anaongoza. Hakuwa mtu mbaya.

"Nyar Lambwe," akaniambia, yaani binti wa Lambwe, "sisi hatutaki kukuonea. Sema neno moja tu, tujue akili iko. Ukisema, mtoto ni wako. Ukinyamaza, uende kwenu upate matibabu."

Neno moja.

Nilifungua mdomo. Koo likafunga. Jasho lilinitoka mpaka kwa vidole. Lorine alikuwa amenishika leso, na Clifford tayari alikuwa amenyoosha mkono kumchukua. Nikajaribu tena, hewa tupu. Nilisikia mama Teresa akiomba kwa sauti ya chini, na nikaogopa kuliko siku ya mazishi.

Nikageuka ukutani. Yale maneno yalikuwa pale, ya mkono wangu mwenyewe. Sikuhitaji kutafuta la kusema. Nilihitaji kusoma tu.

"Nimekukasirikia, Zablon."

Sauti ilitoka ikikwaruza, lakini ilikuwa yangu.

Clifford akaruka. "Mmesikia? Anaongea na maiti."

"Maiti gani?"

Huyo alikuwa Masese, Mkuria mmoja aliyekuwa ananunua omena kwangu. Alikuwa amekuja kutoa pole, akasimama mlangoni akisubiri wazee wamalize. Sasa aliingia ndani kabisa, akasogelea ukuta.

"Hii sikio naijua. Huyu si fundi wa mashua, wa Shirati pale Tanzania? Juzi tu nimekunywa chai na yeye. Ana bibi huko tangu kitambo, na mtoto mchanga."

Wazee wote wakasimama, wakausogelea ule uso.

Mama Teresa aliketi sakafuni. Mzee Fanuel alimwambia Clifford, "Enda na huyu mtu. Ukimpata, mlete."

Akaletwa. Wanawake walikimbilia mashambani wakimwona, kuna mpaka leo wanaosema ni makaa yangu yaliyomwita. Wazee wakamzuia hapo hapo kwa lango: mtu aliyezikwa haingii bomani mpaka tunda lifukuliwe na mambo yatengenezwe. Akasimama nje kama mgeni. Mama yake alimshika mikono akilia, mimi nikamsubiri amalize.

"Scovia, nisamehe," Zablon akasema. "Mawazo ilikuwa mingi. Kila siku nilikuwa naona heri nipotee. Sikujua nimwambie nani."

Nilimwangalia. Nilidhani nitamrarua. Lakini hasira nilikuwa nimeshaimaliza ukutani, na kilichobaki kilikuwa ukweli.

"Mimi pia mawazo yalikuwa mengi," nikamwambia. "Mimi nilishika makaa. Wewe ulitushikisha tunda."

Nikamgeuzia mgongo. Nilichukua kikapu cha Lorine kwa nyumba ya Clifford, na Clifford mwenyewe alinifungulia mlango. Ile pikapu ikatupeleka mimi na Lorine mji wa Suna, tukaanza upya.

Wewe unayesoma hii na kitu kimekukaba koo, sikujui na sijui ni nini. Lakini usikimeze, na usikikimbie. Tafuta mtu wa kukusikiliza. Na kabla hujampata, chora hata kwa kidole kwenye vumbi, andika hata nyuma ya risiti, hata kama ni matusi.

Zablon hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyenyamaza. Na nimeona mwenyewe watu wangapi wanaweza kuzikwa na kimya cha mtu mmoja.