Mama amemkatalia mchungaji kugusa kichwa cha kaka

Asubuhi kaka yangu aliteleza kwa matope hapa kwetu Shinyalu, akagonga kichwa kwa jiwe, akazimia.

Mama alimshika mabega akamtikisa akilia. "Amka, baba."

Akaamka.

Hospitalini nesi akasema ni konkasheni. Mama akauliza hiyo ni nini.

"Neno limetoka Kilatini, mama. Maana yake ni kutikisa kwa nguvu. Ubongo wake umetikisika."

Mama akatazama mikono yake.

"Na mimi nimemtikisa tena."

"Ulikuwa unamwita, mama. Sasa apumzike tu."

Jioni tukiwa tumerudi nyumbani, watu wa kanisa wamekuja kumwekea mikono kichwani wamwombee. Mama amewazuia mlangoni.

"Ombeeni hapo nje. Na polepole."

Mchungaji wetu ameomba kwa kunong'ona.

Mnaomjua, mtaniamini kweli?