Rubani wa "Niko Hapa Karibu"

Mimi ni mwongoza ndege, na kazi yangu ina maneno yake. Ukija kutua Isiolo unaniambia uko umbali gani, kimo gani, na utafika saa ngapi. Nikikupa agizo, unalirudia lote ili nijue limeingia kichwani. Hata kasuku angeweza. Lakini si yule bwana wa ndege ya mizigo.

Yeye huingia kwenye redio kama mtu aliyekuta marafiki hotelini. "Salaam aleikum, mzee! Mko poa huko chini?" Nikimwagiza, jibu ni "Sawa sawa, usijali." Sawa gani? Nimekwambia upande au ushuke? Mabegani ana mistari minne ya dhahabu ya rubani mkuu, na kurudia sentensi moja kunamshinda! Nilimkaripia mpaka nikachoka. Wenzangu walicheka tu, eti ni mtu wa watu. Mtu wa watu, kitu gani!

Asubuhi moja ndege ndogo ilikuwa chini, injini inanguruma. Ilikuwa imembeba mama kutoka Kinna, uchungu umemshika siku mbili na mtoto hatoki, wanampeleka Nairobi. Rubani wake akaomba kuruka, kila neno mahali pake. Kabla sijamjibu, yule bwana akadakia: "Mzee, niko hapa karibu, naona Leparua, nakuja kutua."

Hapa karibu! Maneno ya mtu anayekwambia kwa simu ameshafika stendi, kumbe ndiyo kwanza anatafuta viatu. Nilipaswa kumuuliza maili ngapi. Sikumuuliza. Nilikuwa nimechoka kubishana naye. Nikamwambia, "Sawa, njoo," nikaizuia ndege ya mgonjwa, maana njia ya kurukia na kutua ni moja.

Tukangoja. Nikaangalia juu, hakuna kitu. Nilipomuuliza tena ndipo akasema, bila haya, kwamba bado ana kama dakika kumi. Niliiachilia ndege ya mama palepale.

Mama alipona. Mtoto alizaliwa amekufa.

Wiki chache baadaye nilikuwa dukani Chechelesi. Mwenye duka akamwambia mteja mmoja kwamba mimi ni wa kule mnarani, uwanja wa ndege. Mteja huyo alikuwa mume wa yule mama. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwenyezi Mungu akulipe," akasema. "Niliambiwa mlitufungulia njia haraka."

Nikamjibu, "Amin."