Kamba Yangu ya Kuanikia Nguo Ilivyokwenda Stendi

"Mama, kwa nini hukukaa nyumbani? Kwa nini?" Mwanangu alikuwa amesimama katikati ya chumba chake cha kushonea, futi shingoni, pini mdomoni, anasema kwa upande mmoja wa midomo. "Mtoto kasoma miaka yote hiyo, leo ndiyo siku ya kupimwa, wewe unakwenda kuwasimulia watu habari za fisi!"

"Hakuwa fisi, alikuwa mamba," nikamwambia. "Ukitaka kugomba, gomba kwa haki."

Mkewe akacheka ndani ya shuka aliyokuwa akiikamua. Nguo mbichi zilikuwa zimetandazwa kila mahali, juu ya viti, juu ya mlango, hadi kwenye cherehani, kwa sababu kamba yangu ya kuanikia ilikuwa stendi ya mabasi tangu alfajiri. Aliyeichukua ni mjukuu wangu, mke mwenzangu, huyo tunayemwita Bi Mstari.

Jina hilo alilipata bado mdogo, meno ya mbele hana. Penye mabomba ya maji palikuwa hapakosi ugomvi. Kila bomba na mstari wake wa ndoo, na kila mwanamke akiona mstari wa jirani unakwenda mbio kuliko wake. Siku moja mtoto akazipanga ndoo zote mstari mmoja. Bomba lolote likiachwa wazi, ndoo ya mbele inakwenda. Jirani mmoja alimfinya sikio, lakini ugomvi ulipungua, na sikio likapona.

Akakua, akaingia chuo, akarudi likizo kutuambia anasomea foleni.

"Foleni?" baba yake akaruka. "Nimpeleke mtoto chuo akajifunze kusimama? Kusimama si tumezaliwa nako?"

Mimi nilimtetea, maana foleni nazijua. Zamani nilipanga foleni ya sukari ndefu mpaka mwanamke wa nyuma yangu, aliyekuja na mimba, tulipokaribia dirisha mtoto wake alikuwa keshaota ndevu, na ndiye aliyetubebea mifuko. Asiyeamini akamwulize huyo mtoto. Sasa ni mzee, kidogo hasikii.

Bi Mstari alinifundisha na mimi. Nilikuwa nikipiga simu, nikimsikia yule mwanamke anayesema laini zina shughuli, namtukana. "Bibi, usimwonee," akaniambia. "Sauti za watu wote zinapita njia chache, kama wasafiri na madirisha ya tiketi. Elimu yetu ilianzia huko kwenye simu. Watu walitaka kujua waweke njia ngapi, mpigaji asichoke kungoja, na njia nazo zisilale bure." Basi nikaacha kumtukana. Siku hizi namsalimia.

Baba yake naye alifundishwa, ingawa hatakubali. Alikuwa anapokea vitambaa hadi pomoni, hana nafasi hata ya kumeza mate, na wateja wanakuja kumsuta mlangoni. Binti akamwambia, "Baba, fundi asiyepumua ndiye mwenye foleni isiyokwisha. Uzi ukikatika kwa mmoja, wote wa nyuma wanachelewa. Jiachie upenyo." Alinuna wiki nzima. Halafu nikaona anawaambia wengine warudi mwezi ujao, na wasutaji wakapotea. Ukimwuliza, anasema amenunua mafuta mazuri ya cherehani.

Basi, stendi. Pale kuna madirisha matano, na kila moja lilikuwa na mstari wake. Ukiangukia mstari wenye mtu anayefungua mafundo matatu kutafuta nauli, basi lako linaondoka unaliona. Bi Mstari akataka wote wapange mstari mmoja, unaojikunja ndani ya kamba. Dirisha likiwa wazi, wa mbele anakwenda. Mwenye mafundo akazibe dirisha moja, wengine wapite manne yaliyobaki. Mkuu wa stendi akampa asubuhi moja tu. "Ikifaa, kamba ibaki hapa hapa," alisema. "Isipofaa, rudi na kamba yako nyumbani, usinisumbue tena." Na mwalimu wa chuo akamwambia jaribio hili likianguka, mwaka ataurudia.

Ndiyo maana nilikwenda. Nilikwenda kuiangalia kamba yangu, sikuwa na neno lingine.

Nilikuta watu wananung'unika. Mstari mmoja unatisha macho hata kama unakwenda mbio. "Huu unaishia wapi, kaburini?" bwana mmoja mwenye sanduku akauliza, akainua kamba apite chini. Wa pili akainama. Mjukuu wangu anawabembeleza, "Jamani, hamtakaa sana, nawaombeni," na uso umempauka kama unga. Nikajua wakipita watatu, mstari umekwisha.

Nikapaza sauti nikaanza habari ya mamba aliyekata tiketi ya basi akalalamika kiti kimembana mkia. Nilimjua mimi mwenyewe mamba huyo. Yule bwana akaiachia kamba. Watu wakasogea, wakajipanga vizuri ili wasikie, mstari ukanyooka kama umepigwa pasi.

Tatizo likaja mbele. Mtu akiitwa dirishani hataki kwenda! "Tangulia wewe," anamwambia wa nyuma, "mimi nangoja mamba ashuke." Wakata tiketi wanagonga vioo. Mwalimu anaitazama saa yake, anaitikisa, anaiweka sikioni. Bi Mstari akaja akanishika mkono. "Bibi, nakuomba. Nenda nyumbani."

Nikaondoka. Mamba nikamwacha ndani ya basi.

Kumbe mteja mmoja wa mwanangu alikuwepo, na umbea una miguu mirefu kuliko yangu. Nilipofika, kesi ilishanitangulia.

"Madirisha matupu, watu wamejaa!" mwanangu akaendelea. "Hiyo ataiandikaje kwenye kazi yake?"

"Ataandika mamba."

"Mama!"

"Sasa baba watoto," mkewe akasema taratibu, "mstari ulivunjika au haukuvunjika?"

"Ulisimama!"

"Sikuuliza kusimama. Ulivunjika?"

Mwanangu akazitoa pini mdomoni, akazichomeka moja moja kwenye kimto cha pini. "Haukuvunjika, sawa. Lakini mwalimu..."

"Ya mwalimu hatuyajui. Tungoje kamba. Isiporudi, mimi nitaanika nguo kwenye viti mwaka mzima, na sitanung'unika."

"Utanung'unika," nikamwambia.

"Nitanung'unika huku nacheka, Mama."

Tukasikia ndala uani. Mwanangu akaninyooshea kidole, akateremsha sauti. "Kamba ikiingia mlango huu, Mama, naapa, wewe mwenyewe utakwenda kwa yule mwalimu umweleze kwamba..."

Mlango ukasukumwa, shuka mbichi iliyokuwa juu yake ikamwangukia Bi Mstari kichwani. Akaitoa kwa mikono yote miwili. Mikono mitupu. Begani hana kitu, kwapani hana kitu.

"Bibi," akasema, "wakata tiketi wananiuliza, yule mamba alishuka kituo gani?"